Ukitendewa Visivyo, Tafuta Kitenzi Kwanza

Karibu kila anayenijia nimsaidie kuandika barua hapa Machakos huanza kwa neno lilelile: shida. "Mwalimu, nina shida kazini." "Nina shida ya shamba." "Mtoto ana shida na shule." Kwa Mkamba neno hili lina mizizi nyumbani, kwa sababu Kikamba kina thĩna, na thĩna hubeba kila mzigo: ukame, njaa, ugonjwa, deni, na pia mtu mwenye nguvu anayekukalia shingoni. Ukilileta kwa Kiswahili unapata shida. Ni neno la adabu, halimuudhi mtu. Lakini shida haina mwenyewe. Ukame ni shida, na hakuna wa kumshtaki. Ofisa anayekusikiliza akisikia "nina shida" humwona mtu anayeomba msaada, na msaada hutolewa na anayetaka, siku anayotaka.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejiandaa kwenda kwa chifu, kwa ofisa wa leba, polisi au mahakamani. Nia yangu ni moja: ufike pale ukiwa na neno linalomtaja mtu, tendo na kitu ulichokosa. Nimeona barua nzuri zikikaa kwenye faili miezi na miezi kwa sababu zilijaa uchungu na hazikusema nani alifanya nini. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Ila karani hana mahali pa kuuandika kwenye fomu yake.

Mtu aingie ndani ya kitenzi

Sikiliza namna Kiswahili kinavyoweza kumficha mkosaji katika silabi moja. "Mshahara umekatika." "Mshahara umekatwa." "Meneja amenikata mshahara." Katika sentensi ya kwanza mshahara ni kama kamba iliyochakaa, imekatika yenyewe. Ya pili inakiri kwamba kuna mkono. Ya tatu inautaja mkono huo. Sisi tuliolelewa kuheshimu wakubwa hupenda ile ya kwanza, na wakati mwingine tunaitumia hata tukiwa peke yetu, kana kwamba meneja yuko mlangoni anatusikiliza.

Mifano iko kila mahali. "Jina langu limeruka kwenye orodha ya basari." Jina halina miguu, kuna aliyeliruka au aliyelifuta. "Shamba la babu lilipotea." Shamba halipotei kama mbuzi, liliuzwa, lilihamishwa jina, au lilichukuliwa kwa nguvu, na kila kimoja kina faili yake na ofisi yake. "Kazi iliisha." Je, mkataba ulifika mwisho, au ulifutwa? "Mitumba yangu ilienda na kanjo." Hapana, askari wa kaunti waliichukua, na swali linalofuata ni kama walikuachia karatasi yoyote ya kuonyesha wamechukua nini.

Basi kabla ya kuandika barua, andika sentensi moja tu kwenye karatasi: fulani alinifanyia hivi, siku fulani, nikakosa kitu fulani. Kama humjui fulani, tumia kitenzi chenye -wa na utaje ofisi: jina langu liliondolewa na kamati ya basari ya wadi. Hapo unasema unachokijua bila kumzulia mtu. Ukishindwa kabisa kuitunga sentensi hiyo, huenda bado hujui kilichotokea. Kaulize kwanza, halafu ulalamike.

Neno la kupunguza

Kuna neno la upande wa pili ambalo Machakos inalijua vizuri kuliko mji mwingine wowote nchini. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilisema ng'ombe wa Wakamba wamezidi na ardhi inamomonyoka, kwa hiyo lazima mifugo ipunguzwe. Kupunguza ni neno pole, unaweza kupunguza chumvi, unaweza kupunguza sauti. Lakini kilichofanyika mwaka 1938 kilikuwa ng'ombe kuswagwa kwa amri na kuuzwa mnadani kwa bei ambayo mwenyewe hakuipanga, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's kikiwa kimejengwa Athi River kikingoja ng'ombe wa bei rahisi. Mwenye ng'ombe alipokonywa, kisha akapunjwa. Hayo ni maovu mawili ndani ya neno moja pole.

Watu wa hapa hawakulikubali neno hilo. Julai 1938, wakiongozwa na Muindi Mbingu na Chama cha Ukamba Members Association, wanaume, wanawake na watoto walikwenda Nairobi kumtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize, na wakapiga kambi huko majuma kadhaa. Walitaka ng'ombe wao warudishwe na uuzaji wa lazima ukome. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali kabisa na kwao. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake, na wengi huipita bila kujua kwamba jina hilo lilianza na ng'ombe wa Machakos. Jambo ninalotaka ulichukue kwake ni hili: dai lake lilikuwa na kitu kinachohesabika. Ng'ombe aliyechukuliwa anaweza kurudishwa. Shida haiwezi kurudishwa.

Neno kupunguza bado lipo, na bado liko Athi River. Ukiwa unafanya kazi kiwandani, siku moja unaweza kuambiwa kwamba kampuni "inapunguza wafanyakazi". Usilisikie kama salamu. Katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, kupunguzwa kazi kuna masharti yake: notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi au kwako wewe, pamoja na kwa ofisa wa leba, kuchagua wa kuondoka kwa haki, wakiangalia muda wa kazi, ujuzi na uwezo, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Ukiambiwa umepunguzwa, uliza kwa utulivu: "Ni kupunguzwa kwa kifungu cha 40?" Wakisema ndiyo, masharti hayo yanawabana. Wakisema hapana, basi umefutwa, na kufutwa nako kuna sheria yake nitakayoifikia.

Jifunze kuyatilia shaka maneno pole mengine yanayotoka kwa mwenye nguvu. Kuhamisha, kupanga upya, kusafisha mji, kurekebisha orodha. Yanaweza kuwa kweli. Yaulize tu: nani anahamishwa, kwenda wapi, na nani alimuuliza?

Dhuluma ni gunia

Neno linalopendwa zaidi na wanaolalamika, baada ya shida, ni dhuluma. Ni neno zito na la heshima, limetoka Kiarabu na limekaa katika Kiswahili kwa karne nyingi. Kudhulumu ni kumnyang'anya au kumnyima mtu kilicho haki yake. Anayefanya hivyo ni dhalimu, na aliyefanyiwa ni mdhulumiwa. Nalipenda neno hili. Lakini hapa Kenya tumelijaza mpaka limekuwa gunia. Tunasema dhuluma za kijinsia kwa mume anayempiga mkewe, dhuluma za kingono kwa ubakaji, dhuluma dhidi ya watoto kwa kipigo na kwa kazi ngumu, na dhuluma za kihistoria kwa ardhi iliyochukuliwa na wakoloni na kwa yaliyofanywa na serikali baada ya uhuru. (Ukisoma karatasi ya Tanzania utakuta yale ya nyumbani yakiitwa ukatili wa kijinsia. Ni jambo lilelile, usibabaike.)

Kwa hiyo ukimwambia mtu "nimedhulumiwa", bado hajajua kama anapaswa kukupeleka hospitali, kituo cha polisi au mahakama ya ardhi. Litumie neno hili kama kichwa cha habari, kisha ulifungue. Dhuluma gani?

Chukua mfano ambao wengi wa kaunti hii waliushuhudia. Oktoba 2023 tingatinga zilibomoa nyumba huko Mavoko, kwenye ardhi ya ekari 4,298 ambayo mahakama iliamua kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wengi waliokuwa wamejenga pale walikuwa wamenunua viwanja kwa jasho lao. Kilio kilichosikika kilikuwa kimoja: tumedhulumiwa. Naelewa kwa nini. Mtu aliyesimama mbele ya kifusi cha nyumba yake hana wajibu wa kuchagua maneno. Lakini siku ya kutafuta fidia inabidi gunia lifunguliwe. Aliyekuuzia kiwanja kisicho chake alikutapeli. Hiyo ni jinai, na pesa zako zina mtu wa kudaiwa. Aliyebomoa ni mwingine, na swali lake ni lingine: je, ulipewa notisi? Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi ya miezi isiyopungua 3 kabla ya kumwondoa mtu aliye kwenye ardhi ya watu binafsi bila ruhusa. Kama hukupewa, neno lako ni kufurushwa bila notisi. Na ofisa wa serikali aliyepaswa kukwambia mapema na akanyamaza ni wa tatu, neno lake ni mapuuza. Watu watatu, vitenzi vitatu, madai matatu. Ukiyafunga pamoja katika "tumedhulumiwa", kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole.

Kuna jamaa mwingine wa dhuluma anayechanganywa naye kila siku, yaani kudhalilisha. Yanafanana masikioni lakini hayana undugu wa damu. Dhalili ni aliyeshushwa hadhi, aliyefanywa duni. Ukimdhulumu mtu umemnyima kitu, ukimdhalilisha umemwondolea heshima. Mwajiri anaweza kukulipa mshahara wako wote, bila kukosa senti, huku anakuvua nguo ya heshima mbele ya wenzako kila asubuhi. Hajakudhulumu mshahara, amekudhalilisha. Na anaweza kukusemesha kwa unyenyekevu mkubwa, akikuita mzee au mama, huku anakudhulumu saa za ziada. Wahenga waliliona pengo hilo waliposema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hata usipompenda mtu, hata ukimdharau, kilicho chake ni chake. Kwa hiyo jiulize unalia kwa kipi. Ukipewa pesa utaridhika? Basi ni dhuluma. Ukiombwa radhi mbele ya watu utaridhika? Basi ni udhalilishaji. Ikiwa ni vyote viwili, viandike mbalimbali, kila kimoja na aya yake.

Kuonewa, kupunjwa, kunyonywa

Kuonea ni neno linalotazama ngazi. Lazima mmoja awe juu na mwingine chini: darasa la juu kwa darasa la chini, askari kwa mchuuzi, mwenye nyumba kwa mpangaji. Huwezi kusema mtoto alimwonea chifu. Kwa hiyo ukilitumia, mweleze msomaji ile ngazi: ana nguvu gani juu yako? Anashika nini kinachokufanya umwogope? Jihadhari pia kwamba kitenzi hiki kinabeba mengine, kama kumwonea mtu huruma, kumwonea wivu, kumwonea fahari. Katika mazungumzo sauti itakusaidia, lakini kwenye barua andika jina kamili, uonevu, au ueleze tendo. "Mtoto wangu anaonewa shuleni" ni mwanzo mzuri. "Wanafunzi wawili wa darasa la juu wanamlazimisha mwanangu awape pesa za chakula kila Ijumaa" ni barua ambayo mwalimu mkuu hawezi kuiweka kando.

Kupunja ni neno ninalotaka lirudi midomoni mwetu, kwa sababu linaeleza uovu wa sokoni kwa usahihi wa ajabu. Ni kumpa mtu pungufu huku ukijifanya umempa chote. Nenda Marikiti ukanunue maharagwe. Kuna gorogoro iliyonyooka, na kuna ile iliyobonyezwa tako ikaingia ndani, ukipimiwa unaona imejaa mpaka juu. Huko ndiko kupunjwa. Mchuuzi hakukuibia mfukoni, alikuibia kwenye kipimo. Vivyo hivyo mkulima wa kahawa Kangundo au Matungulu ambaye mzani wa kiwandani unasoma kilo chache kuliko alizobeba, na mpakiaji wa mchanga anayehesabiwa lori moja wakati amejaza mawili. Ukiwa na dai la namna hii huhitaji maneno makubwa ya ukandamizaji. Unahitaji vipimo viwili, kile ulichotoa na kile ulichohesabiwa, na tarehe. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo dai lako, na ikiwa ni la biashara na haizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa ajili yako na sheria inaitaka imalize kesi kwa siku 60. Haichukui kesi za ajira wala za hatimiliki ya ardhi, kwa hiyo mpakiaji anayedai ujira aende kwa ofisa wa leba.

Kunyonya ni kupana zaidi. Neno hili lilipata nguvu ya kisiasa Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na bado lina harufu ya jukwaa. Linafaa katika hotuba na katika makala kuhusu mabroka wa maembe. Kwenye fomu ya malalamiko halina kazi kubwa, kwa sababu linaeleza mpango mzima wa maisha, nawe unataka kueleza siku moja.

Ubaguzi unahitaji mtu wa pili

Hapa nitakaa kidogo, maana neno hili ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Watu husema "nimebaguliwa" wakimaanisha "sikupata". Kukosa peke yake si kubaguliwa. Kubagua ni kutenga hiki na kile, na huwezi kutenga kitu kimoja. Kwa hiyo ubaguzi huthibitishwa kwa watu wawili: wewe, na mwingine aliye katika hali kama yako aliyetendewa tofauti. Halafu panahitajika sababu. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inaziorodhesha: rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha au uzawa. Soma orodha hiyo polepole. Mwanamke aliyenyimwa kandarasi mpya baada ya kuonekana ana mimba ana neno lake pale. Mzee aliyeambiwa kazi ni ya vijana ana lake. Aliyedhihakiwa kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kikamba, kisha akanyimwa kazi kwa sababu hiyo, naye ana lake.

Kwa hiyo sentensi ya ubaguzi huwa ndefu kidogo: mimi na fulani tulikuwa sawa katika hili na lile, yeye alipewa, mimi nikanyimwa, na sababu iliyotolewa (au inayoonekana) ni ujauzito wangu. Ukikosa nguzo moja, dai linayumba.

Na tuseme ukweli unaouma. Katika kaunti ambayo wengi ni Wakamba, neno ukabila hutujia haraka tunapotazama ofisi za Nairobi, na hutuponyoka tunapotazama ofisi zetu wenyewe. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Mkikuyu, Mluo au Msomali aliyezaliwa Machakos mjini akisema amebaguliwa, neno ni lilelile na uzito ni uleule. Nasisitiza hili kwa sababu neno la haki tukilifanya mali yetu peke yetu, siku tutakayolihitaji litakuwa limepauka.

Upendeleo ni uso wa pili wa ubaguzi, lakini humlenga aliyepewa badala ya aliyenyimwa. Mara nyingi ndio unaoonekana kwanza: mpwa wa mwenyekiti amepata basari. Lakini yule mpwa huenda anastahili. Ukilalamikia upendeleo, usimshambulie aliyepewa, uliza kipimo kilichotumika. Hapa kuna chombo ambacho watu wachache wanakitumia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa ofisi ya umma na kuomba orodha, vigezo au kumbukumbu za kikao, nayo ina siku 21 za kujibu. Na sheria hiyo inasema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili chako kinatosha. Ukishapata orodha, neno litakuja lenyewe: huenda ni upendeleo, huenda ni ubaguzi, huenda fomu yako haikufika.

Ofisi ya umma ikifanya uamuzi unaokuumiza, Katiba, kifungu cha 47, inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Neno la kutumia hapo ni kunyimwa sababu. Linasikika dogo. Lakini ni dai kamili linaloweza kupelekwa hadi kwa Ombudsman, na mara nyingi kuomba tu sababu hizo huwafanya watu wafungue faili upya.

Kazini

Kufutwa na kuachishwa ni mamoja kwa aliyepoteza kazi. Swali ni namna ilivyofanyika. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kukufuta kwa kosa au kwa utendaji duni, akueleze sababu katika lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na akusikilize. Tazama maneno hayo: lugha unayoielewa. Aliyesomewa barua ya Kiingereza kwa dakika mbili na kuambiwa atie sahihi anaweza kusema, kwa haki kabisa, "sikuelezwa katika lugha ninayoielewa". Andika hivyo hivyo. Malalamiko kwa ofisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi 3 tangu kufutwa. Mahakamani una miaka 3. Mahakama ya ajira ikiona ulifutwa isivyo haki inaweza kukupa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.

Makato ya mshahara yana mpaka pia: kwa jumla yasizidi theluthi mbili. Hapo neno ni kukatwa kupita kiasi, na ushahidi ni karatasi yako ya mshahara.

Unyanyasaji ni wa kurudiarudia. Tusi la siku moja ni tusi, lakini likija kila zamu, kwa mtu yuleyule, huku wengine wakicheka, hapo tunasema ananyanyaswa. Ndiyo maana neno hili linadai daftari. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe, na nani alikuwepo.

Lipo neno moja ambalo nawaomba hasa akina dada na akina mama waliache mlangoni: "ananisumbua". Nalijua linatoka wapi. Mwanamke hataki kutamka alichofanyiwa, na "kusumbua" humfunika kama leso. Lakini nzi pia husumbua. Ikiwa msimamizi amekushika mwilini, sema amekushika, na wapi. Ikiwa amekutaka ngono akikuahidi mkataba au kukutisha nao, sema hivyo, kwa sababu sheria inalitambua tendo hilo hasa, katika kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi dhidi yake. Ikiwa ni ubakaji, usiupunguzie jina. Ripoti polisi uandikishwe katika kitabu cha matukio (OB) na ushike namba yake, na daktari ajaze fomu ya P3. Ukiona aibu kusema kwa sauti, andika kwenye karatasi na umpe ofisa asome. Na wewe uliyeandamana naye, usimsemee kwa maneno laini. Muulize, "Ungependa niseme hivi?" kisha useme alichokubali.

Ya kuyaacha nyumbani

Mwizi, fisadi, mchawi, mnyama, dhalimu mkubwa. Majina haya hupunguza nguvu za barua yako na yanaweza kukupeleka wewe mahakamani kwa kumharibia mtu jina. Yanamhukumu mtu kabla hajasikilizwa, jambo ambalo wewe mwenyewe unalilalamikia. Shikamana na tendo. "Alichukua shilingi 8,000 na hakunipa risiti" haimwiti mtu mwizi, na kila msomaji ameelewa.

Acha pia mwanzo mrefu wa kuomba radhi kwa kusumbua ofisi. Salamu ya heshima inatosha.

Tuseme sasa umekaa na karatasi. Sentensi iliyokuja kwanza ilikuwa "Nina shida kazini, naomba mnisaidie." Baada ya kuipitisha katika haya yote, barua inaweza kutoka hivi, nawe uijaze kwa mambo yako:

"Kwa Ofisa wa Leba, Machakos. Kuhusu: Kufutwa kazi bila kusikilizwa, na kunyimwa mshahara wa siku 17. Niliajiriwa kama mshonaji tarehe 4 Machi 2021. Tarehe 17 Juni 2024 msimamizi wa zamu aliniambia, mbele ya wenzangu wawili, nisirudi kazini kesho yake. Hakunieleza kosa langu. Sikuitwa kujitetea. Sikupewa barua. Mshahara wa tarehe 1 hadi 17 Juni haujalipwa. Naomba mwajiri atakiwe kueleza sababu ya kunifuta, anilipe siku hizo 17, na anipe cheti cha utumishi. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho na karatasi za mshahara za miezi mitatu."

Isome kwa sauti. Kila kitenzi kina mtu nyuma yake au kinasubiri kujibiwa. Haina neno dhuluma hata mara moja, na kila anayeisoma analiona.

Toa nakala mbili. Peleka mwenyewe ukiweza, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, na usiondoke dirishani mpaka karani aigonge nakala yako muhuri wa kupokea na kuandika tarehe.